Kengele Mbili, Watu Watatu

Somo letu la juma hili ni 1 Samweli, sura ya 30. Wapendwa wa Shituru, hapa Likasi, nawaomba mlisome nyumbani kwa sauti, watoto wakiwapo. Daudi na watu wake 600 wanarudi Siklagi na kukuta mji umeteketezwa, wake zao na watoto wao wamechukuliwa mateka na Waamaleki. Wanalia mpaka nguvu za kulia zinawaishia. Kisha wanaanza kunong'onezana kumpiga mawe Daudi mwenyewe, maana uchungu ukizidi hutafuta mtu wa kuangukia. Wanaanza kuwafuatia adui, na wakifika kijito cha Besori, watu 200 wanashindwa kuvuka. Hawakuasi, hawakutoroka, miguu imekataa tu. Daudi anawaacha pale na mizigo, anavuka na 400.

Nitalisoma somo hili pamoja na pambano moja la katuni ya Naruto. Najua wengine mtashangaa. Lakini vijana wetu wanalijua pambano hilo kuliko wanavyomjua Daudi, na nimeona lina jambo ambalo sisi wakubwa tunalihitaji sana mwaka huu.

Hadithi ya Naruto ilichorwa na Masashi Kishimoto wa Japani. Ilitoka kila wiki jaridani tangu 1999 hadi 2014, sura 700, na kwenye televisheni ikaendelea kuanzia 2002 hadi 2017. Kishimoto alizaliwa mwaka 1974 katika mkoa wa Okayama, unaopakana na Hiroshima. Mtu wa Likasi hawezi kulisikia jina la Hiroshima akapita tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, hapa jirani. Kutoka kwetu kulikwenda madini ya kifo bila sisi kuulizwa. Kutoka kwao imetufikia hadithi, na watoto wetu wameipokea kwa moyo wote. Wanaitazama kwenye simu, kwa Kifaransa, wakirushiana kipande kwa kipande, na asiye na simu anachungulia begani mwa mwenzake. Utamkuta mtoto wa mtaa wa Kikula au wa Panda amefunga kitambaa kwenye paji la uso, amekichora alama ya jani, anakimbia mikono ameitupa nyuma. Wazazi kadhaa wameniuliza kama ni dhambi. Nitawajibu, ila kwanza pambano lenyewe.

Watoto watatu wamehitimu shule ya ninja katika kijiji cha Konoha: Naruto, Sasuke na Sakura. Wanakabidhiwa kwa mwalimu mpya, Kakashi, naye anawaambia kwamba kati ya wahitimu 27 watakaokubaliwa ni 9 tu. Wengine watarudishwa shuleni. Anawaamuru waje asubuhi na mapema bila kutia kitu tumboni, halafu yeye mwenyewe anachelewa sana. Akifika anatega saa iite adhuhuri. Anawaonyesha kengele mbili ndogo, anazining'iniza kiunoni, na kuwaambia wamnyang'anye kabla ya saa kuita. Atakayekosa atafungwa kwenye gogo, atawaangalia wenzake wakila, na shuleni atarudi.

Kengele ni mbili, watoto ni watatu. Mtego wote uko katika hesabu hiyo, ambayo imepangwa makusudi ili wagombane. Tangu anapoitamka, kila mtoto anaanza kupiga mahesabu ya nani atakayebaki nje, na kila mmoja anajiapiza kwamba hatakuwa yeye.

Kwa hiyo wanapigana mmoja mmoja. Naruto anajitupa mbele kwa kelele nyingi, na mwalimu anamshinda bila hata kukifunga kitabu anachosoma. Muda si muda Naruto ananing'inia mtini, kichwa chini miguu juu, kwa sababu aliiona kengele imewekwa chini na akaikimbilia bila kujiuliza. Sakura hatafuti kengele wala kundi, anamtafuta Sasuke anayempenda. Mwalimu anamwonyesha mazingaombwe, Sasuke aliyejaa majeraha, naye anazimia. Sasuke ndiye hodari wao. Anamlazimisha mwalimu kukiweka kitabu kando, anafika karibu kiasi cha kuigusa kengele kwa ncha za vidole. Halafu anavutwa chini ya ardhi, na kinachobaki juu ya udongo ni kichwa chake.

Saa inaita. Hakuna aliyepata chochote. Naruto, aliyekutwa akitaka kula peke yake kwa siri, anafungwa kwenye gogo. Hapo ndipo mwalimu anapowaambia walichokosa: asubuhi nzima hawakuja hata mara moja watatu kwa pamoja, na hilo ndilo alilokuwa anapima. Anawapa nafasi ya pili baada ya chakula, kwa sharti moja tu, kwamba Naruto asionjeshwe hata punje. Kisha anaondoka.

Tumbo la Naruto linanguruma. Sasuke, yule yule mwenye majivuno, anamsogezea chakula chake. Maelezo yake ni makavu: mwenye njaa atatukwamisha mchana. Sakura anasita, anaogopa, halafu naye anatoa cha kwake. Na kwa kuwa mikono ya Naruto imefungwa, inabidi alishwe mdomoni. Mara mwalimu anatokea kwa kishindo na ngurumo, mwenye sura ya ghadhabu, anawauliza kwa nini wamevunja amri yake. Wanatetemeka, lakini hawamkani mwenzao. Wanamwambia kwamba wao watatu ni mmoja. Naye anawaambia wamefaulu. Makundi yote aliyoyapima kabla yao yalikuwa yametii amri, na yote aliyarudisha shuleni.

Hadithi yote inayofuata, miaka kumi na mitano ya vita, mapatano na usaliti, inasimama juu ya tonge hilo. Ngumi hazikuamua kitu siku ile.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu ya Sasuke. Hakutoa kwa moyo uliofurika upendo. Alimwona Naruto ni mpuuzi, na baadaye katika hadithi atamwacha, atakiasi kijiji, na itachukua miaka mingi ya damu na machozi kabla hawajapatana. Hata hivyo siku ile alisogeza chakula. Wengi wetu kanisani tunangoja kwanza tumpende mtu ndipo tumsaidie, na kwa kuwa pendo halifiki, mtu anabaki gogoni. Sioni mahali Bwana alipotuamuru tungoje. Msamaria mwema hatuambiwi alijisikiaje njiani kwenda kwenye nyumba ya wageni. Tunaambiwa alimhurumia, akafunga jeraha, akatoa dinari mbili.

Kakashi mwenyewe alikuwa na jeraha lake. Palepale uwanjani kuna jiwe lililochorwa majina ya waliokufa kazini, na mojawapo ni la rafiki yake Obito. Mbele zaidi katika hadithi tunaambiwa kisa cha baba yake, Sakumo, askari mwenye sifa kubwa. Siku moja Sakumo alilazimika kuchagua kati ya kutimiza kazi aliyotumwa na kuwaokoa wenzake, akawachagua wenzake. Kijiji kikamlaumu. Hata wale aliowaokoa walimsema vibaya. Alivunjika moyo mpaka akajiua. Mwanawe akakua akishika amri kuliko watu, hadi Obito alipomgeuza kwa maneno yake, na kwa kifo chake.

Niliposikia kisa cha Sakumo sikukiwaza kijiji cha Japani. Niliuwaza mji huu.

Mnajua kwamba Likasi iliitwa Jadotville. Mwezi wa Septemba 1961, Katanga ikiwa imejitenga chini ya Moïse Tshombe, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeweka hapa kikosi kimoja cha askari wa Ireland, watu zaidi kidogo ya 150, chini ya kamanda Pat Quinlan. Asubuhi ya tarehe 13, wengi wao wakiwa kwenye Misa ya uwanjani, walishambuliwa na jeshi la Katanga pamoja na mamluki wa kizungu, adui wakiwazidi kwa mbali idadi na silaha. Walipigana siku tano kutoka kwenye mahandaki yao. Mara mbili kikosi cha kuwaokoa kilitoka upande wa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na mara mbili kilizuiwa kwenye daraja la Lufira. Helikopta moja ilifanikiwa kutua na maji ya kunywa. Wakafungua vyombo na kukuta maji yamechanganyika na petroli, kwa kuwa vyombo vilikuwa vya petroli na havikusafishwa vizuri. Kinywa kimekauka siku kadhaa katika joto la Septemba tunalolijua sisi, maji yamefika, na hayanyweki.

Tarehe 17, risasi zimekwisha na maji hakuna, Quinlan alikubali kujisalimisha. Watano walikuwa wamejeruhiwa. Hakufa hata mmoja. Walishikwa mateka wiki kadhaa, wakaachiliwa, wakarudi kwao wote.

Huko kwao walipokewa vipi? Jeshini jina la Jadotville likawa la kebehi, la kumwita mtu mwoga. Quinlan alikufa mwaka 1997 kabla serikali yake haijamsafisha. Mwaka 2016 kisa chake kikatolewa sinema, iliyopigwa Afrika Kusini wala si hapa kwetu, na mwaka 2017 waliobaki hai na familia za waliokwisha kufa wakapewa nishani. Miaka 56 ya kungoja. Kamanda aliwarudisha watoto wa watu wote hai kwa mama zao, na wakubwa wake wakaona aibu.

Nasema haya nikijua kwamba risasi zilizotoka kwenye mahandaki yale ziliwaua wana wa Katanga, baba na babu za watu, na mchungaji wa Likasi hana upande wa kushangilia katika vita ile. Vita huacha vilio pande zote mbili. Ninachokitazama mimi ni jambo moja tu: jinsi binadamu tunavyomhukumu anayeweka uhai wa watu mbele ya ushindi. Konoha walimhukumu Sakumo. Dublin walimhukumu Quinlan. Kwa Daudi napo hukumu ilikuwa inakuja njiani.

Maana turudi kwenye sura yetu. Daudi amevuka Besori na watu 400, wana haraka, kila saa inayopita watoto wao wanazidi kwenda mbali. Porini wanamkuta kijana Mmisri amelala chini. Hajala wala kunywa siku tatu. Ni mtumwa wa Mwamaleki, aliugua, na bwana wake akamtupa njiani aendelee na safari. Jeshi lenye haraka lingempita. Wao wakasimama, wakampa mkate, maji, kipande cha andazi la tini na vishada viwili vya zabibu kavu. Mwandishi ametuhesabia hata vishada. Roho yake ikamrudia, akafumbua kinywa, naye ndiye aliyewaongoza mpaka kambi ya adui.

Waamaleki walishindwa kwa kinywa cha mtu waliyemtupa wenyewe. Waliona ni mzigo, hana faida tena. Na Daudi aliipata njia kwa sababu alikubali kupoteza muda akimlisha mgonjwa asiyemjua.

Sasa niwajibu wazazi. Ndiyo, katika katuni hii kuna ishara za mikono, mizimu, na ndani ya Naruto kumefungiwa mnyama, mbweha wa mikia tisa. Hayo si imani yetu, na mzazi amwambie mtoto hivyo waziwazi, akiwa ameketi naye na kutazama naye, si kwa kufoka kutoka jikoni. Lakini tazameni pia kijiji kinavyomtendea Naruto. Mnyama aliwekwa ndani yake siku alipozaliwa, yeye hana kosa. Wakubwa wanajua, wanamkwepa, wanawakataza watoto wao kucheza naye. Anakula peke yake, analala peke yake, siku zake anazimaliza kwenye bembea akiwaangalia wengine wakichukuliwa na wazazi wao. Mwalimu wake Iruka, ambaye wazazi wake waliuawa na mnyama yule yule, ndiye anayempeleka kula supu ya tambi na kuketi ubavuni pake.

Je, hatuwajui watoto wa namna hiyo hapa? Mama amefariki, biashara ya baba imeanguka, mdogo wake ameugua, na mtu mmoja nyumbani anamnyoshea kidole: huyu ni mlozi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, au anayekojoa kitandani, au mwenye kifafa, au mkaidi tu. Ananyimwa chakula. Analala nje. Baadaye mnamwona sokoni akibeba mizigo, au kwenye mashimo ya madini akiokota mawe, na mnauliza wazazi wake wako wapi.

Hata sheria ya nchi imesema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu ya kifungo. Serikali imeona kile ambacho baadhi ya madhabahu zimekataa kuona. Wako watumishi wanaomfungia mtoto kanisani siku tatu bila bukari wala maji, wakisema wanamtoa pepo, na mwisho wanamwomba mzazi sadaka. Ndugu zangu, kijana asiyekula wala kunywa siku tatu tumemsoma sasa hivi katika 1 Samweli 30. Aliyemfikisha hapo alikuwa Mwamaleki. Kanisa linalofanya hivyo limehamia upande wa Amaleki, hata kama lina vipaza sauti vikubwa na limejaa kila Jumapili.

Vita vilikwisha. Daudi alirudisha kila kitu, hakikupotea kidogo wala kikubwa. Wakafika tena Besori, kwa wale 200 waliobaki na mizigo. Baadhi ya wale 400 wakasema: hawa hawakuja vitani, wapewe wake zao na watoto wao waende zao, katika nyara hawana sehemu. Biblia haiwaiti wenye hesabu nzuri, inawaita waovu. Daudi akakataa. Akasema sehemu ya anayeshuka vitani na sehemu ya anayekaa na mizigo itakuwa sawa, na akaifanya kuwa sheria katika Israeli.

Sisi wa Shituru tunaijua hesabu ya wale waovu, tumeishi ndani yake. Kiwanda chetu cha Shituru kimetoa shaba tangu 1929, kwanza chini ya Union Minière, baadaye Gécamines. Kulikuwa na siku ambazo kazi ya baba ilibeba nyumba, shule na hospitali. Halafu ukaja mwaka 2003, na kwa fedha za Benki ya Dunia wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wako kati yenu waliopokea bahasha ile. Walikuwa wameng'oa mabamba ya shaba kutoka kwenye mabirika ya asidi miaka ishirini au thelathini, mapafu yao yanajua. Leo kazi za kampuni mpya zinagawiwa kwa orodha, na kila orodha inapotoka, kengele ni mbili na watu ni watatu. Ndugu anamficha ndugu habari za nafasi ya kazi. Kijana aliyeajiriwa anahama mtaa ili asiombwe. Na yule mzee wa barazani, aliyelinda mizigo yetu yote, anaambiwa na watoto wake mwenyewe kwamba hana mchango.

Sina mamlaka ya kuongeza kengele. Wenye kampuni na wenye serikali wataulizwa juu ya hesabu yao, hapa na mbele za Mungu. Lakini nani ale, hilo liko mikononi mwetu. Mwenye mshahara katika nyumba asimhesabu asiye na mshahara kuwa mgeni mezani. Vijana mnaoitazama Naruto, msiniambie mnampenda shujaa huyo kama darasani mnamcheka mtoto asiye na viatu.

Juma hili nawaomba mambo mawili. Kila kundi la maombi limtembelee mtu mmoja aliyeacha kuja kwetu kwa sababu ya aibu ya umaskini, na wasimhubirie, wale naye. Na anayemjua mtoto yeyote aliyefukuzwa kwao, au anayenyimwa chakula kwa jina la ulozi, aje aniambie kabla ya Jumapili, mchana au usiku. Tutakwenda nyumbani kwao pamoja, wazee wawili na mama mmoja wa kanisa, na mkononi tutakuwa na chakula.